Ruhusa ya Kutoa Jicho

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Neno hili husemwa kwa utani, aghalabu juu ya bwana harusi asiyeona kasoro ya mkewe, na wasikiao hucheka wakapita. Lakini ukilichukua ukaliingiza katika nyumba ambamo mama amempakata mtoto wa miaka miwili, mzaha hutoka na jambo zito hubaki. Jicho la mtoto limeanza kwenda upande. Usiku, taa ikimmulika usoni, ndani ya mboni huonekana weupe, kama ule ung'aao katika jicho la paka gizani. Mama humwambia jirani kuwa mwanawe ana kengeza kidogo, nalo litakwisha akikua. Hasemi uongo. Anapenda, na pendo limemchagulia jina jepesi kuliko majina yote yawezekanayo.

Weupe huo una sababu nyingi. Huenda ukawa mtoto wa jicho, ambao huwapata hata wachanga. Huenda ukawa saratani ya retina, ambayo matabibu huiita retinoblastoma. Ni ugonjwa wa nadra: humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto 17,000 wanaozaliwa, na karibu wote huwa hawajatimiza miaka mitano. Duniani kote watoto wapatao 8,000 huupata kila mwaka, na wengi wao wako Asia na Afrika. Macho ya mzazi hayawezi kuutofautisha na mtoto wa jicho. Kazi hiyo ni ya daktari na vyombo vyake. Basi, msomaji, tuseme kwamba nyumba hiyo iko Marafa au Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, na tuseme kwamba baada ya safari ndefu daktari amekwisha tazama, akainua uso na kusema: "Mama, jicho hili lazima litolewe." Nataka tulitafakari swali moja tu. Neno hilo likisha kutamkwa, nani ana haki ya kulijibu, na jibu lake lina thamani gani?

Katika lugha yetu hakuna kiungo kilichopewa heshima kama jicho. Mpendwa ni mboni ya jicho. Aliyeelimika amefunguka macho, na aliyekufa amefumba macho. Mwenye husuda ana kijicho, wala hatusemi ana kisikio au kipua. Mtu akipoteza kidole tutasema amepoteza kidole. Akipoteza jicho tunampa jina jipya, tunamwita chongo, kana kwamba amekuwa mtu mwingine. Kwa hiyo mama aambiwapo neno lile, husikia zaidi ya alilosema daktari. Husikia kwamba mwanawe ataondoka hospitali akiwa na jina ambalo hakuingia nalo.

Wewe uliye shuleni huenda umekwisha pasua jicho la ng'ombe katika chumba cha sayansi. Unajua jinsi lilivyo gumu kwa nje, na jinsi wembe unavyoteleza. Jinsi ute unavyomwagika, na lenzi inavyotoka kama shanga kubwa. Na jinsi nyuma kabisa, juu ya utando mweusi wenye rangi za mng'ao, ulivyo ukambaa mwembamba ulioshikamana mahali pamoja tu. Ukambaa huo ndio retina. Ukiugusa huchanika. Wanafunzi wengi huupangusa pamoja na ute bila kuujali, nao ndio sehemu yote ionayo. Zilizobaki ni madirisha na mapazia.

Retina imejengwa kwa seli. Robert Hooke aliona vijumba vidogo katika gome la mti kwa hadubini yake, akavitangaza mwaka 1665, na jina alilovipa ndilo tulitumialo hata leo. Karibu miaka 200 ikapita kabla Rudolf Virchow hajaeneza huko Ujerumani fundisho kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine. Fundisho hilo laonekana dogo, lakini lina hofu ndani yake. Kama kila seli hutoka katika seli, basi ugonjwa nao huweza kuwa mzao wa mwili wenyewe. Saratani haiingii kwa mlango kama mwizi, huzaliwa nyumbani.

Mtoto akiwa tumboni, seli za retina yake hugawanyika upesi: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Kisha huja wakati ambapo kila seli hupaswa kuacha kugawanyika na kushika kazi yake ya kupokea nuru. Kuacha huko hakuji kwa bahati. Katika kila seli mna jeni iitwayo RB1, iliyo katika kromosomu ya 13, nayo hutengeneza protini ambayo kazi yake ni kuizuia seli isiingie katika mgawanyiko usiohitajika. Jeni hiyo iko katika nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama.

Fikiri juu ya dau lililofungwa katika hori la Kilifi kwa nanga mbili. Nanga moja ikikatika, dau halisogei. Nahodha alalaye hatajua hata asubuhi. Zikikatika zote mbili, dau huchukuliwa na maji. Ndivyo ilivyo kwa seli hii. Nakala moja ikiharibika, ya pili hushika. Zikiharibika zote mbili, seli husahau kuacha, na watoto wake husahau vilevile, hata jicho hujaa. Mwaka 1971 Alfred Knudson, tabibu wa Marekani, alichunguza habari za wagonjwa 48 waliotibiwa Houston, akaona kwamba wenye ugonjwa katika macho yote mawili huugua mapema kuliko wenye jicho moja. Kwa hesabu tu, bila kuiona jeni yenyewe, akafahamu kwamba wa kwanza aghalabu walizaliwa nanga moja ikiwa imekwisha katika mwili mzima, na wa pili walipoteza zote mbili katika seli moja baada ya kutungwa mimba. Miaka 15 baadaye, mwaka 1986, jeni ilipatikana, ikawa ya kwanza kutambuliwa miongoni mwa zile zenye kazi ya kuzuia saratani. Nakiri kwamba sijui habari nyingine ya elimu ya viumbe inayonipendeza kama hii: mtu kuhesabu vilio vya watoto akafikia umbo la kitu ambacho jicho halijakiona.

Sasa rudi kwa mama. Anauliza, na ni haki yake kuuliza: kwa nini jicho zima? Kwa nini uvimbe usikwanguliwe, jicho likaachwa? Jibu liko katika yale tuliyokwisha sema. Seli hizo hazishikamani kama jiwe ndani ya kokwa. Humeguka zikaelea katika ute, na daktari akilitoboa jicho ili kuzifuata huweza kuzifungulia njia ya kutoka. Na nyuma ya jicho pana barabara iliyo tayari, nayo ni mshipa wa fahamu unaopeleka habari za nuru kwenye ubongo. Ugonjwa ukiishika barabara hiyo, hauishii njiani. James Wardrop, mpasuaji wa Uskoti, aliyajua haya mwaka 1809 kwa kupasua macho ya watoto waliokufa, akashauri jicho litolewe mapema, nyakati ambazo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Ni heri kutofikiri sana juu ya vyumba vile.

Siku hizi mtoto hulazwa usingizi, asijue lolote. Mpasuaji hufungua ngozi nyembamba iliyozunguka weupe wa jicho, hukata misuli sita iligeuzayo jicho huku na huku, kisha huukata ule mshipa nyuma sana kadiri awezavyo, ili kama seli zimeanza safari, zikatwe pamoja nao. Mahali pa jicho huwekwa kitufe, nyama hushonwa juu yake, na baada ya majuma sita hivi huwezekana kuvishwa jicho la bandia, ambalo ni ganda jembamba lililotiwa rangi kulifuata lile jingine. Mtoto akikua, ganda nalo hubadilishwa. Kazi yenyewe si ndefu, wala si ngumu kwa mwenye kuijua. Ugonjwa ungali ndani ya jicho, kutoa jicho aghalabu ndiko kupona. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 95 katika kila 100 wenye ugonjwa huu huishi. Katika nchi maskini, waishio huweza kuwa chini ya nusu. Tofauti hiyo haikuletwa na wembe. Imeletwa zaidi na siku zilizopita kati ya weupe wa kwanza na mlango wa hospitali, na nyingine kati ya mlango huo na neno "nakubali".

Wako wanaosema upesi kwamba mzazi anayekataa ni mjinga. Sikubaliani nao, na ningependa nawe usikubaliane nao upesi. Tazama anachokiona. Mtoto anacheza. Hana homa, hali chakula kidogo, wala haliilii jicho lake, maana mwanzoni haliumi. Anaombwa akubali jeraha la hakika leo kwa ajili ya kifo ambacho hakionekani, kwa neno la mtu ambaye amekutana naye asubuhi hiyo. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenye hospitali kuu ya Kenyatta, ni nyingine zipatazo 480. Ana watoto wengine nyumbani. Na kama ni msichana, tayari anasikia maneno yatakayosemwa siku ya kuposwa.

Tena pwani hii ina kumbukumbu zake. Hadithi za mumiani, watu wanaosemwa kunyonya damu ya wenzao kwa ajili ya dawa, zimesimuliwa hapa tangu siku za ukoloni. Husimuliwa pia kwamba mwaka 1913, serikali ya Waingereza ilipowataka vijana wa Giriama kwa kazi zake, Mekatilili wa Menza aliweka kuku na vifaranga mbele ya mtawala, akamwambia achukue kifaranga kimoja aone. Naye aliponyosha mkono, mama wa vifaranga akamdonoa. Sijui kama kuku yule alikuwapo kweli, lakini kisa kinajulikana na kila mtoto wa Kilifi, na mafundisho yake ni wazi: anayekuja kuchukua kutoka kwa mama sharti atarajie mdomo wa mama.

Watafiti wa tiba walijifunza hayo mapema. Taasisi ya KEMRI na Wellcome Trust zilipoanza kazi pamoja katika hospitali ya Kilifi mwaka 1989, kazi hiyo ilihitaji damu kidogo ya watoto ili kuchunguza malaria na maradhi mengine. Uvumi ukazuka vijijini juu ya damu hiyo na mahali iendako. Watafiti wenyewe wameandika habari hizo kwa uwazi. Kilichowasaidia kilikuwa mazungumzo ya miaka mingi, mikutano chini ya miembe, na wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji ili waulize kwa niaba yao. Na damu ya pwani ilikuwa imekwisha kuufundisha ulimwengu jambo kubwa: mwaka 1949 Anthony Allison alizunguka Kenya akichukua damu, akaona kwamba karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria zaidi ya mtu mmoja katika watano walikuwa na alama ya selimundu, lakini katika nyanda za juu hakufika hata mmoja katika mia. Hapo ndipo alipofahamu kwamba alama hiyo humkinga mtu na malaria, akalitangaza jambo hilo mwaka 1954. Basi asikuambie mtu kuwa elimu ya seli ni ya wageni. Sehemu yake moja ilitoka katika mikono ya watu wa hapa.

Hata hivyo yuko atakayenipinga. Atasema: maneno ni mazuri, lakini uvimbe haungoji mikutano chini ya mwembe. Kila juma linalopita, seli zinagawanyika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta ni kaburi. Daktari na afanye kazi yake, na mzazi ashukuru baadaye. Hoja hii ina nguvu, wala siwezi kuipuuza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote katika jambo lolote linalomhusu. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamefundisha tangu kale kwamba madhara mawili yakikutana, huchukuliwa jepesi ili kuepuka zito. Mzazi akisha kuelezwa, akafahamu, kisha akakataa, nami naona sheria ina haki ya kuingia kati ya mkono wake na mtoto.

Lakini angalia nilivyosema: akisha kuelezwa, akafahamu. Mama aliyetia kidole gumba katika wino juu ya karatasi asiyoisoma hajatoa ruhusa. Ametii tu. Na utii hautoshi, kwa sababu jicho hilo si lake. Si la mama, si la baba, wala si la daktari. Ni la mtu ambaye hajui kusema bado, nao wote wawili, mzazi na tabibu, wameshika amana yake. Mtu huyo atafika miaka 20. Atasimama mbele ya kioo siku moja, amgeukie mama yake na kumwuliza: "Mama, mliliondoa kwa nini?" Wahenga wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini moyo wa mtoto huyo utaishi kwa jibu atakalopewa. Mama akijibu, "Mwanangu, daktari alisema," amempa jibu la mtumwa. Akijibu, "Mwanangu, ndani ya jicho lako palikuwa na chembe zilizosahau kuacha kukua, zilikuwa zinatafuta njia ya ubongo, tukachagua wewe ubaki," hapo amempa kitu cha kushika. Hawezi kumpa jibu hilo kama yeye mwenyewe hakupewa.

Kwa hiyo somo ambalo wewe huenda unalikariri kwa ajili ya mtihani, la jeni na kromosomu na mgawanyiko wa seli, ni deni lililo juu ya kila aombaye kiungo cha mtoto wa mwingine. Deni hilo si gumu kulipa. Nimekueleza habari ya Knudson kwa dau na nanga mbili, na sidhani kwamba kuna mzee wa Takaungu au wa Mambrui ambaye hangeifahamu; pengine angeniuliza maswali ambayo nisingeweza kuyajibu. Kama nyanya yako atauliza jioni moja kwa nini mtoto wa jirani ameitwa Mombasa akatolewe jicho, wewe ndiwe utakayekuwa karibu kuliko daktari.

Na ueleze yote, hata yale yasiyoulizwa kwa haya. Jicho likisha kutolewa huenda wapi? Kunyamaza hapa ndiko kunakomlisha mumiani. Hupelekwa maabara, likakaushwa na kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Mchunguzi hutafuta hasa mwisho wa ule mshipa wa fahamu. Akikuta mwisho huo hauna seli za ugonjwa, ni habari njema sana. Akizikuta, mtoto huhitaji dawa kali za saratani kwa miezi kadhaa. Wako wazazi watakao kiungo cha mtoto wao kizikwe, na ombi hilo si upuuzi. Lingefaa kusikilizwa kabla ya upasuaji, maana baada yake huenda pakawa na vipande tu vilivyohifadhiwa katika kioo. Mwaka 2014 wataalamu wa Kenya walitoa mwongozo wa taifa wa kuutibu ugonjwa huu. Mwongozo ni wa matabibu. Mama wa Ganze anahitaji mtu wa kumweleza.

Liko jambo moja ambalo ni gumu kuliko haya, nami sikulitaja mapema. Nilisema kwamba wengine huzaliwa nanga moja imekwisha katika mwili mzima. Hao ni kama wanne katika kila kumi, na wengi wao huugua macho yote mawili. Hapo mizani ya jepesi na zito hutikisika, kwa kuwa kinachopimwa ni nuru yote ya mtu dhidi ya uhai wake, na matabibu hujitahidi kwa kila njia kuliokoa hata jicho moja. Wala jambo haliishi kwa mgonjwa mwenyewe. Ndugu zake wadogo nao wanahitaji kutazamwa. Naye akikua, akioa au kuolewa, kila mtoto atakayemzaa ana nusu ya bahati ya kurithi ile nanga iliyokatika. Mtoto wa aina hiyo akizaliwa, macho yake huchunguzwa mara kwa mara tangu siku za kwanza, kabla weupe haujaonekana, maana uvimbe ukigunduliwa ukali mdogo huweza kuchomwa kwa mwanga au kugandishwa kwa baridi kali, na jicho likabaki mahali pake.